Kiganja Kwenye Ukuta wa Kilabu

Ndugu zangu wa Namawala, leo nimeumbuka mchana kweupe. Wala sikulewa. (Ningelewa ningepata cha kusingizia.)

Mnalijua lile ghala la zamani la Mhindi hapa Ifakara, lenye kuta nene, tunamonywea pombe ya komoni tangu ujana. Mnakijua na kile kiganja kilichogandia kwenye saruji, kidole cha mwisho kimepinda. Kila mgeni nimemwambia ni mkono wa marehemu baba, alijenga hapa, kidole kilivunjwa na nyundo. (La nyundo nilitunga. Baba alikufa ningali mgongoni. Niliambiwa tu alikuwa fundi hapa.) Na kila kikombe, kabla sijanywa, tone la kwanza namwaga chini ya kiganja. "Pokea, baba."

Sasa mwenye kilabu mpya, kijana wa enzi hizi za vyama vingi, kila kitu anataka kipya. Leo kaleta fundi apige lipu. Nikasimama ukutani, nimetanua mikono kama msalaba wa misheni.

"Mzee, toka, saruji inakauka."

"Sitoki! Sina kingine cha baba!"

Kijana akalainika. "Haya. Akitokea mmoja wa kuthibitisha, hapo naparuka bila lipu."

Nikamgeukia dada Skola, mpika pombe wetu. Katuzidi umri sote, na jengo likijengwa alikuwepo. Siku zote huketi chini ya kiganja palepale.

"Dada, waambie."

Akaweka kata chini. Akafuta mkono kwenye kanga, akaupachika ukutani. Umeingia! Mpaka kidole kilichopinda!

"Nilikuwa msichana, nasomba maji ya mafundi," akasema. "Nikateleza, nikajishika hapa. Nilivyotukanwa!"

"Dada! Mbona ulinyamaza miaka yote?"

"Ulivyokuwa unaita baba, machozi yanakulenga, ningeanzia wapi? Ila kuthibitisha uongo siwezi, nimekomunika kanisani asubuhi hii. Na komoni yangu, mdogo wangu, umeimwaga! Mwenyewe nimekaa hapa na kiu!"

Wanywaji wakacheka mpaka fundi akadondosha mwiko. Kumbe miaka yote natambikia mtu mzima wa afya!

"Basi baba alijenga wapi?"

Akanitazama kwa huruma. "Choo cha nyuma. Kilinyooka, mdogo wangu, hakuna mfano. Mafuriko yakakibeba."

Lipu ikapigwa. Nilitazama mpaka kidole cha mwisho kikafunikwa.

Nikaomba kikombe. Mkono ukaenda wenyewe ukutani, ukakuta ubichi. Nifanyeje? Nikainama, tone la kwanza nikalimimina kwenye kikombe cha dada Skola.

"Pokea," nikasema.

Akanywa. Akafuta midomo.

"Asante, mwanangu!"

Kilabu kizima kikalala chini kwa kicheko. Ninyi angalau someni kimyakimya.