Kibao Changu cha "Sculptor"

Jumatatu, 3 Juni 2024. Tabaka.
Mgongo! Kuchimba mawe ya sabuni kutanimaliza kabla sijaiona tena Taveta, kwetu. Lakini Ogoti, mwenye duka la vinyago, anatafuta mtu wa kukaa kivulini akichonga mbele ya wageni. Mose anaitaka nafasi hiyo. Amechonga tembo miaka ishirini. Mimi sijachonga hata kijiko.

Nimemuuliza mwalimu Emily, mpangaji mwenzangu, tofauti ya "carver" na "sculptor". Kasema carver hukata: jiwe, mti, hata nyama mezani. Sculptor ni neno pana zaidi: hufinyanga udongo, huunga chuma, na watu humwita hivyo aliyebuni kitu kwa kichwa chake. Basi! Mose ni carver. Mimi kichwa ninacho.

Jumatano, 5 Juni.
Nimetundika kibao cha katoni: SCULPTOR. Mose akauliza, ndugu yangu, umechonga nini? Nikamwambia bado nabuni. Akacheka hadi akakaa chini. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Juni.
Mama Celestine, mwenye hoteli Kisii mjini, anataka kinyago cha mapokezi. Ogoti kasema atakayempendeza ndiye atakayepewa kivuli. Nikatumwa kumpigia simu. Nikamwambia aje Jumamosi. Akili hizo! Mose na wachongaji wote ni Wasabato. Watakuwa kanisani.

Nimechukua korongo wa jiwe aliyechongwa na Orpah, mchongaji mwenzake Mose, bado hajasuguliwa. Nitasema ni wangu.

Jumamosi, 8 Juni.
Mama kasema, chonga kidogo baba, nikurekodi. Nikagusa shingo kwa patasi. Kichwa kikaanguka miguuni pake! Nikaeleza kwamba ndivyo nilivyobuni. Akauliza kama na mwili nimebuni mimi. Ndiyo, mama. Akaugeuza, akauliza huyu Orpah aliyeandikwa chini ni nani.

Akashika tembo wa Mose, akauliza mwenyewe yuko wapi. Akamngoja. Mose akatoka kanisani, akakataa hata kutaja bei mpaka jua lizame. Mama akazidi kumheshimu!

Jumapili, 9 Juni.
Mose yuko kivulini. Mimi machimboni. Nikitoka huko namsugulia Orpah mawe kwa msasa, mikono majini, mpaka hasira zake zipoe.

Nimeligundua kosa: nilichagua neno baya. Nimemuuliza mwalimu Emily tofauti ya "foreman" na "supervisor". Kauliza nimewahi kusimamia nani. Nimemjibu bado nabuni.

Kibao changu ni safi upande wa pili.