Sifuri ya Grateni Apewe Nkambo

Kasongo, mwezi wa tatu 1955

Kwako Mama Mkubwa wa Masere, watawa wa misheni yetu,

Kwa heshima, na kwa kalamu kwa sababu mbele yako mdomo wangu hujifunga, naleta mashitaka. Mimi ni Ernestine, yule wa benchi la nyuma anayejibu kwa kutikisa kichwa, ukimuuliza kwa Kifaransa au kwa Kiswahili.

Juma lililopita Masere Cécilia alikuja kwetu kuonja mtihani wangu: grateni, yaani viazi vya Kizungu vilivyookwa na maziwa na fromaji, ile jibini ya Kizungu. Akanipa sifuri. Kwa sifuri hiyo siendi Bukavu kusomea ualimu. Nitarudia darasa hapa na kupepeta mpunga mpaka niolewe. Basi nasema hivi:

1. Mlituagiza tupike nyumbani. Furu, tanuri ya kuokea, iko kwenu, si kwetu. Nilipika katika chungu, makaa chini, makaa juu ya kifuniko, kama tunavyooka mikate ya mchele. Hapo sina kosa.

2. Fromaji mliyonipa nilimwachia nkambo wangu Amisa, mama wa mama yangu, nikaenda kuchota maji. Aliinusa, akasikitika. "Masikini Masere, wamewauzishia kitu ya kuoza!" Akaiosha kwa maji ya chumvi, akaiweka kichanjani juu ya moshi, katikati ya samaki wawili waliotoka mtoni Nyangwe. Nilipoikuta ilikuwa na rangi ya samaki, na tabia zao.

3. Hata hivyo grateni iliiva. Juu iligeuka kahawia, ndiyo sifa ya grateni, ikawa inalia ka-ka-ka chini ya kijiko. Nikakimbia kubadili nguo. Nkambo akafunua chungu. "Yo! Mutoto huyu iko naunguza chakula ya mugeni!" Mama, kwetu ukoko ni wa watoto, mgeni hapewi kilichoungua, ni aibu ya nyumba nzima. Akaukwangua wote, akawaita watoto wa jirani, wakaula wakipigana. Masere akapewa viazi vyeupe, laini, vyenye harufu ya soko la samaki. Alitafuta ukoko kwa uma, akatafuta tena. Nkambo alisimama karibu yake, amefurahi kweli kweli: "Kula, Masere, kula! Mubaya yote nimetosha, nimeitoa kabisa."

Mimi nilijua la kusema kwa lugha mbili. Nikatikisa kichwa, nikamwongezea Masere maji.

4. Kwa hiyo sifuri si yangu. Aliyeosha ni nkambo, aliyekausha ni nkambo, aliyekwangua ni nkambo. Haki inataka sifuri iandikwe jina lake. Na kwa kuwa mwenye sifuri hurudia darasa, aje arudie yeye: avae robu, gauni la shule la bluu, atarizi vitambaa, aimbe na watoto wa miaka kumi na miwili. Mimi niende Bukavu.

Naweka kalamu chini nikiwa nimepiga goti. Nisalimie Masere wote, mpishi wenu, na yule mbuzi wa misheni aliyekula daftari la Louise.

Mimi binti yako mtiifu,
Ernestine

N.B. Kaka yangu Hippolyte amemsomea nkambo barua hii bila ruhusa yangu. Hakukasirika. Amefua kitambaa chake cha kichwa, anauliza kengele inalia saa ngapi, na mtaa mzima umekwisha kuambiwa kwamba Masere wamemwita akawafundishe kupika. Anakuja Jumatatu. Mama, nakusihi, sifuri ni yangu. Niandikie mimi, na uiandike kwa wino.