Hotuba ya Mratibu Nkwabi kwa Waombaji wa Fao la Kukosa Ajira, Kirumba

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Maandalizi, na wajumbe wa Kamati ya Kuisimamia Kamati ya Maandalizi. Mzee Liaqat, mfadhili wa turubai hili. Wadau wa ukosefu wa ajira kutoka Kirumba, Buswelu na Buhongwa. Mabibi na mabwana: mimi Nkwabi, Mratibu wa Mpango wa Fao la Kukosa Ajira, nawasalimu, na kwa niaba yenu naipokea salamu hiyo. (Makofi kutoka meza kuu.)

Tangu kiwanda cha minofu ya samaki kilipofungwa na kuwaacha mkiwa na nafasi ya kutosha, ofisi yangu haijalala. Tumeendesha semina elekezi, tukafanya tathmini ya semina, na data zinaonyesha kwamba asilimia tisini na nane ya waombaji sasa wanayafahamu masharti, asilimia mbili iliyobaki ikiwa ni mimi na karani wangu, ambao tuna ajira na hivyo hatuyahitaji. (Kicheko kimoja.)

Anayestahili ni yule aliyeajiriwa, akaachishwa bila kosa lake wala kujiuzulu, asiye na kipato kingine chochote, na aliye tayari kufanya kazi wakati wowote, isipokuwa wakati anaposubiri fao, ambapo hapaswi kuonekana akifanya kazi.

Nitoe mfano hai. Mama Teodora, simama. Huyu aliachishwa kiwandani, kosa hana. Alipokuja ofisini mara ya kwanza, mfumo ulibaini kwamba anaanika dagaa pale soko la samaki la Mwaloni, ukamkataa kwa kuwa ana kipato. Kwa uzalendo mkubwa akaacha dagaa, akamwachia mwenzake Selina sehemu yake ya kuanikia, akarudi kwetu mikono mitupu. Tulimpongeza. Hata hivyo, mfumo ulipomtazama upya uliona kwamba kazi yake ya mwisho ilikuwa dagaa, na kazi hiyo aliiacha mwenyewe. Aliyeacha mwenyewe hastahili.

("Si wewe baba uliyeniambia niache?" anauliza Mama Teodora. "Na watoto wangu leo wanakula nini?")

Nashukuru kwa swali zuri. Mimi, mama, nilikuambia usiwe na kipato. Sikukuambia uache kazi. Hilo la watoto ni la sekta ya lishe, nitalifikisha.

(Minong'ono. Selina anasema kutoka nyuma, bila kupaza sauti: "Dada, sehemu yako ipo. Twende, jua bado kali.")

Masharti kwanza! Fao baadaye! (Hakuna anayeitikia.)

Nahitimisha kwa kuwashukuru kwa uvumilivu wenu, hasa ikizingatiwa kwamba mfuko wenyewe wa kulipa fao haujaanzishwa, wala hakuna aliyeagizwa kuuanzisha. Sisi tulitangulia na masharti, ili siku utakapokuja usiwakute hamjajiandaa.

(Mama Teodora anajifunga kanga kiunoni, anamfuata Selina kuelekea Mwaloni. Viti vinaburuzwa, safu tatu za nyuma kati ya sita zinainuka na kuwafuata.)

Ndugu waandishi wa habari, naomba mnukuu kwa usahihi: ukosefu wa ajira Kirumba umepungua kwa nusu, na hotuba yangu bado haijaisha.