Folda Iliyoandikwa KUKU

Leo nimemfuta nyanya yangu nikidhani ni kuku.

Si fumbo. Nimemfuta kwenye kompyuta, kwa vidole viwili, asubuhi nikiwa na akili timamu. Nieleze kwa utaratibu, maana utaratibu ndio kazi yangu (mtaona ulivyonisaidia).

Mimi hufundisha watu kutumia kompyuta. Leo nilikuwa na makarani kumi na wanne wa shule, katika ukumbi mmoja hapa Kakamega mjini, na somo lilikuwa jinsi ya kulinda data. Nilikuwa na video nzuri ya kuwaonyesha. Nilipotaka kuiingiza kwenye laptopu, ikakataa. Diski imejaa.

Nikatazama ni nini kinachokula nafasi. Nikaona folda kubwa imeandikwa KUKU.

Wanaonijua wanajua historia yangu na kuku. Nilifuga mia mbili, ugonjwa wa kideri ukaja, nikabaki na banda na picha. (Picha nyingi. Yai la kwanza nililipiga kutoka pande zote.) Nikasema basi, aibu hii imekaa humu vya kutosha. Sikuifungua. Nikabonyeza Shift na Delete pamoja, ile njia ambayo kitu hakipitii hata pipa la taka. Nafasi ikapatikana, video ikaingia. Nikajisikia mwepesi!

Somo likaenda vizuri mno. "Kitu unachokipenda kiwe na nakala tatu," niliwaambia, vidole vitatu hewani. "Na usifute kitu ambacho hujakifungua." Wakaandika yote mawili.

Saa nne tukatoka kwa chai. Simu ikalia. Ni Senje Peris, dada yake baba.

"Mwanangu, spika ya kesho imepatikana. Zile sauti za kukhu ziko tayari?"

Kwetu nyanya ni kukhu. Kesho ni ibada ya kumkumbuka, mwaka mmoja tangu atuache. Senje ndiye aliyemuuguza siku za mwisho, akawa anamrekodi kwa simu. Desemba alikuja kwangu akaziweka sauti zote kwenye laptopu yangu, kwa mkono wake, akikataa kusaidiwa. Januari simu yake ikatumbukia chooni. Kati ya sauti hizo kuna maneno ambayo kukhu alimwachia baba, aliyekuwa safarini mama yake alipofariki. Baba hajayasikia. Alisema atayasikia kesho, watu wote wakiwapo.

"Senje, ile folda uliiandika aje?"

"Si niliandika Kukhu."

"K, U, K, H, U?"

"Hiyo H ni ya nini? Haisikikangi. Niliandika K, U, K, U."

Chai ikanipalia.

"Uko sawa?"

"Niko sawa, Senje."

"Kunywa pole pole. Na usisahau hizo vitu. Baba yako anaulizanga kila saa."

Nikarudi ukumbini mbio. Na hapo nikafanya kosa ambalo huwakataza watu kila wiki. Kitu kikifutwa, hutakiwi kuweka chochote kipya kwenye diski hiyo, kwa sababu kile kipya kinaweza kukalia mahali pa kile cha zamani. Tayari nilikuwa nimeweka video. Sasa nikapakua programu ya kufufua mafaili, nikaiweka kwenye diski ileile. (Mwalimu!) Nikaiwasha, nikainamisha kichwa. Majina yakaanza kutokea moja moja.

Sikukumbuka kwamba projekta bado imechomekwa.

Nyuma yangu nikasikia mtu anasoma kwa sauti. Alikuwa Makokha, karani kutoka Khwisero, mandazi mkononi.

"Kuku anaimba. Kuku anaomba. Kuku anakataa dawa." Akawageukia wenzake. "Haki mwalimu, huyu kuku ako na dini!"

Wakaingia wote. Ukuta mzima ulikuwa kuku.

"Kuku anagombeza daktari!"

"Wee! Huyo hachinjwi, huyo anapelekwa bungeni!"

Walicheka hadi chai ikamwagika. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka nao, maana sikujua uso niuweke wapi. Kisha jina la mwisho likatokea: *Kuku anaaga mtoto wake.*

Kicheko kikapungua chenyewe.

"Mwalimu," akasema Mama Zaituni, karani wa Musanda, mkubwa wao kwa umri. "Huyo si kuku. Huyo ni kukhu."

"Ndiyo, mama."

"Ametangulia?"

"Mwaka sasa."

Makokha akaficha mandazi nyuma ya mgongo. "Pole, mwalimu. Hatukujua." Halafu, bila kejeli hata chembe, kama mwanafunzi mzuri anayetaka kuelewa: "Na zile nakala zingine mbili ziko wapi?"

Watu kumi na wanne wakanitazama. Wengine walikuwa wameshafungua daftari.

"Hakuna," nikasema.

Nikaona mtu anaandika.

"Basi izime hiyo mashine, kijana wangu," akasema Mama Zaituni. "Usiiguse tena." Nikaizima. Somo la mchana alilimalizia yeye.

Mchana nikaipeleka kwa fundi mmoja karibu na soko. Kijana makini: kwanza alinakili diski nzima kwenye diski nyingine, kisha ndipo akaanza kuchokora hiyo nakala. "Majina yamerudi," akaniambia. "Lakini jina ni jina tu. Sauti ndiyo sijui."

Tulifungua *Kuku anaimba*. Ikatoa sekunde chache. Kukhu anakohoa, anauliza, "Peris, imeshika?" Kisha kimya. Wimbo haupo.

Ile ya baba bado inakataa kufunguka. Fundi amesema nirudi kesho saa mbili. Ibada ni saa nne.

Anayetaka kucheka acheke, nimestahili. Ila ukikutana na Senje Peris huko Lurambi, tafadhali mwongeleshe mambo ya mvua. Bado hajaambiwa.