Fundi Cherehani wa Kweli Yuko Ukurasa wa Saba

Kwa Mkuu wa Utafutaji,
Mtandaoni.

Ndugu Mkuu,

YAH: KUSUKUMWA NYUMA KWA BINTI YANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote mnaoshinda humo mtandaoni mkiwatafutia watu vitu vyao. Mimi ni mzima, magoti tu. Elimu yangu si kubwa, lakini mwandiko wangu ulikuwa ukibandikwa ukutani wenzangu wauige, kwa hiyo utasoma bila taabu.

Mimi ndiye mama mzazi wa yule fundi anayetengeneza vyerehani. Ni kifungua mimba wangu. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yangu. Ukiingia utakuta meza ya chuma, vyerehani vimelazwa ubavu kama wagonjwa wodini, na yeye katikati yao na tochi mdomoni. Mtoto huyu akitega sikio kwenye cherehani atakuambia kinaumwa nini hata kabla hujamaliza kukilalamikia. Simsifu kwa kuwa nimemzaa mimi. Namsifu kwa kuwa ni kweli, na nimemzaa mimi.

Tatizo ni kwamba simu ya karakana hailii. Kiwanda kimoja cha nguo, mbali huko, safari ya kulala njiani, kimemwita akawatunzie mashine zao, na wanataka jibu. Ameniambia bila hata kunitazama, "Mama, simu isipolia nitakwenda." Nimeona nisikae na donge rohoni ilhali mwenye kosa namjua. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mtu akikuuliza "fundi cherehani," wewe unamletea washonaji. Hebu tuelewane. Anayeendesha gari tunamwita dereva, hatumwiti fundi gari. Basi anayeendesha cherehani ni mshonaji. Fundi cherehani ni yule anayekipasua tumbo na kukirudishia roho. Najua huku mtaani kila mtu humwita mshonaji fundi cherehani, hata mimi humwita hivyo, lakini mimi ni mtu tu na wewe ni ofisi. Binti yangu umemtupa ukurasa wa saba, chini ya mtu anayeuza mapazia. Mimi niliishia darasa la saba na sikumlalamikia mtu. Mwanangu kuishia ukurasa wa saba, hilo sikubali.

2. Mwalimu wa kompyuta, mpangaji wangu wa chumba cha uani, ndiye aliyetutengenezea tovuti. Alisema wewe unapenda maandishi. Binti yangu mikono yake ina mafuta ya mashine kutwa, kwa hiyo neno la siri nikakabidhiwa mimi, nikawa mwandishi. Nikaandika! Nilianza vizuri kabisa, kwamba cherehani kikikohoa kiletwe kwetu. Ila ukishataja kikohozi, si uungwana kumwacha msomaji anayekohoa yeye mwenyewe, nikaweka dawa yangu ya tangawizi na asali. Nikaeleza alivyotembea kabla ya watoto wote wa rika lake, alivyoota meno, na siku aliyoshinda mbio za yai na kijiko shuleni. Nikawasalimu mashangazi zake, maana wangenuna. Picha yangu ya gauni la bluu nikaiweka juu kabisa, ili mteja aone mtoto huyu katoka wapi. Kila nilipoongeza, wewe ukatushusha. Tulianzia ukurasa wa tatu, Ndugu Mkuu! Ni adabu gani hii, mtu azidi kusema ndipo azidi kutosikika?

3. Wala usiniambie hujui njia ya kwetu. Juzi simu ililia. Binti yangu alichomoka chini ya meza, akajigonga kichwa, akapokea kwa sauti ya asali, kumbe ni bibi mmoja anauliza kama ile tangawizi ni mbichi au kavu. Baadaye akapiga kaka mmoja. Huyo alikuwa akitafuta mke mchapakazi mwenye tabia njema, nawe ukamleta moja kwa moja hadi kwetu. (Huyo sikumkatia simu upesi, nilimuuliza kwanza anafanya kazi gani.) Kwa hiyo watu unajua kuwaleta. Ila unatuchagulia wasio na vyerehani.

4. Yuko mwenzetu mmoja mtaa wa pili, tunamwita Mzee Spana. Huyo umemketisha ukurasa wa kwanza, juu, kama bwana harusi. Nimeisoma tovuti yake yote, nimevaa miwani. Ni vyerehani tu! Kwa nini kinaruka mshono. Kwa nini sindano inavunjika. Kwa nini uzi unakatika. Mwanzo mpaka mwisho, hakuna hata mstari mmoja wa mama yake. Nakuuliza kwa heshima: mtu aliyemsahau mama yake kiasi hicho, mnampaje kiti cha mbele?

5. Mmenigombanisha na mwanangu. Mwalimu wa kompyuta siku hizi ananiambia eti wewe humpenda anayeshika jambo moja akalieleza mpaka likaeleweka, ukurasa mmoja kwa shida moja. Binti yangu naye akadakia, "Mama, mteja uzi umemkatikia na gauni la watu liko mezani. Ana haja gani ya kujua niliota meno lini?" Nikamwambia, "Hayo meno ndiyo yaliyonifanya nikeshe, wewe ulikuwa unalia tu." Akasema atayafuta yote. Hapo nikabadilisha neno la siri. Nimeweka jina nililokuwa nikimbembelezea akiwa mchanga, ambalo hakuna mwingine duniani anayelikumbuka. Wakiniuliza, nashika kichwa na kusema uzee huu jamani.

Basi, baada ya kueleza hayo, maombi yangu ni madogo. Binti yangu awekwe ukurasa wa kwanza, juu, pale pale alipo Mzee Spana. Mzee Spana naye aje ukurasa wa saba, apumzike na apate nafasi ya kumkumbuka mama yake. Tena, kwa kuwa wagonjwa wengi hawajijui, binti yangu atokee hata kwa asiyemuulizia. Mtu akitaka kujua hali ya hewa, aambiwe mvua itanyesha na fundi yupo. Akiuliza njia ya kwenda stesheni, apitishwe kwetu kwanza. Na asiye na cherehani ashauriwe taratibu anunue, kisha tuombe kiharibike.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sawa, lakini wahenga hawakuwekwa ukurasa wa saba.

Nisalimie wote hapo ofisini: anayepanga majina, anayehesabu kurasa, na yule anayemmalizia mtu swali kabla hajamaliza kuliandika. Huyo mwambie kumkatiza mtu mzima si malezi mema.

Ni mimi ninayekutafuta sana,
Mama Fundi.

Tanbihi: Barua hii imekaa mkobani mwangu wiki kadhaa, maana hakuna anayejua ofisi yenu iko mtaa gani. Katikati ya hapo binti yangu aliketi kwenye kompyuta, akajaribu neno la siri, likafunguka mara ya kwanza. Sikujua kama jina lile analikumbuka. Nilikuwa nimekuja kugomba, nikajikuta navuta kiti nikae kando yake.

Alifuta yangu yote, tangawizi, mashangazi, yai na gauni la bluu, akaanza kuandika ugonjwa mmoja kila ukurasa. Kufika mahali akaandika "hitilafu ya usukumaji wa kitambaa." Nikamwambia, mwanangu, mtu aliyepatwa na hilo hasemi hivyo, anapiga kelele kwamba cherehani kinakula kitambaa. Akanitazama, akafuta chake, akaandika changu. Sasa yeyote anayekuuliza kwa nini cherehani chake kinakula kitambaa, wewe unamleta kwetu, ukurasa wa kwanza, juu ya Mzee Spana. Simu inalia mpaka chai inapoa. Kile kiwanda amekijibu kwamba wagonjwa waletwe, daktari haondoki.

Kwa hiyo malalamiko yote, la kwanza hadi la tano, nayafuta kwa mkono wangu, na tafadhali usiguse kitu. Barua naituma hivyo hivyo kwa kuwa stempu nimeshaibandika. Posta wakishindwa kukupata, nawe utaonja kutoonekana.

Ila lile la hali ya hewa, lifikirie.