Kanda Iliyogawa Mabatini

Alhamisi, 1 Julai 1993

Kanda imetoka! Ya kwanza ya bendi yetu, Radi Bendi, tangu nimwondoe Luhende. Roki nzito. Mwanza nzima hakuna aliyewahi kuthubutu.

Luhende alikuwa mwimbaji wetu miaka yote. Sauti tamu mpaka inakera. Nilimwondoa kwa sababu za kisanaa. Tukipiga, watu wanapanda jukwaani kumbandika noti usoni yeye peke yake, na mimi Mhoja, mpiga gitaa na kiongozi, wananipita kama nguzo ya umeme. Nafasi yake nimempa Okech, kijana wa Shirati aliyekuwa anapakua samaki mwaloni, kwenye soko la ufukweni. Akiita mtumbwi ulio katikati ya ziwa, mtumbwi unageuka. Hiyo ndiyo sauti ninayoitaka.

Roki yenyewe niliipata sokoni. Nilinunua jaketi la ngozi la mtumba, mfukoni nikakuta kanda isiyo na jina. Nikaisikiliza. Tangu siku hiyo rumba naiona uji wa mgonjwa. Jaketi sivui, hata jua la saa saba.

Jioni nimepita kibanda cha kanda pale Mabatini. Muuzaji anasema zimenunuliwa sana. Anasema pia nusu zimerudishwa. Wateja wanadai mkanda umetafunwa na redio. Mmoja amepeleka redio kwa fundi, fundi kaifungua yote kutafuta ule mkwaruzo. Mkwaruzo ni gitaa langu! Nimemweleza muuzaji hivyo, taratibu, kwa heshima. Kasema sawa, ila wateja wanataka nyingine isiyo na tatizo hilo.

Ijumaa, 2 Julai

Mji umegawanyika. Vijana wa gereji wanasema haijawahi kutokea kanda kama hii. Wazee wanasema isitokee tena.

Mbaya zaidi, ugomvi umeingia baa ya Mama Dorotea, ambako ndiko tunakopigia. Meza za mbele zinataka kanda iwekwe, meza za nyuma zinataka izimwe. Jana wamerushiana vizibo vya bia. Mzee mmoja kaondoka na kuacha chupa nusu. Hilo la chupa nusu limemuuma sana Mama. Kaniita.

Nimemwamkia, marahaba yake ikawa fupi. Sasa, vyombo vyote ni vyake: magitaa, ngoma, spika, jenereta, hata waya. Kasema Luhende naye amekuja kuviomba, na yeye hawezi kuvikata vipande. Marehemu baba yake alikuwa kiongozi wa ngoma kule Magu, kwa hiyo ataamua kwa desturi ya kwao, kama wanavyoshindana Bagika na Bagalu, wale wacheza ngoma wa Kisukuma. Makundi mawili, uwanja mmoja, wakati mmoja. Hakuna majaji. Watu wanaamua kwa miguu yao, na walikosimama wengi ndiko kwenye ushindi. Jumamosi ya wiki ijayo, Magu, gulio likiisha. Mshindi anachukua vyombo na jina la bendi.

Mpaka siku hiyo vyombo vinabaki kwangu. Luhende atapiga na gitaa kavu, lisilo na umeme, na ngoma za kuazima! Nimejizuia kucheka mpaka nilipofika barabarani. Hapo nimecheka sana. Halafu nikakumbuka kwamba nje ya bendi mimi sina kazi. Wala ujuzi. Nikaacha kucheka.

Jumapili, 4 Julai

Mimi ni mtu wa kisasa, mambo ya dawa siamini. Leo nimekwenda Kisesa kwa Mzee Shimba, mtaalamu wa dawa za ngoma, kwa ajili ya utafiti tu. Nimebeba kuku. Utafiti nao una gharama zake.

Mzee kaniuliza ni bendi gani. Nimetaja. Akatazama chini. Kumbe mjukuu wake anayo kanda yetu, na tangu ameileta nyumbani bibi yake amehamia kwa dada yake. Kasema dawa ya kuvuta watu anayo, tena ya uhakika. Lakini dawa inawaleta tu, kuwabakiza ni kazi ya mpigaji, na yeye katika uzee huu hataki kuharibu jina lake. Kanirudishia kuku.

Nimerudi mjini kwa baiskeli na kuku wangu kwenye kapu. Waliojua nilikokuwa nimekwenda wamenipa pole.

Jumatano, 7 Julai

Sabasaba. Wengine wanapumzika, mimi niko kazini. Nimemtuma Okech akapeleleze mazoezi ya Luhende. Nimemwagiza asimame mbali, ajifanye anamsubiri mtu, akariri kila kitu.

Karudi jioni, ameshiba. Luhende alimwona mara moja, akamwita, akampa chai na viazi, akamuuliza habari za wazazi wake Shirati. Halafu wakaimba pamoja kidogo. Kidogo! Nimemuuliza huo ni upelelezi gani. Kanijibu kwa adabu kwamba, kaka, yule mtu hana siri, ukimuuliza anakueleza mwenyewe. Na kamweleza kwamba Jumamosi atapiga “Ndama”.

“Ndama” ni wimbo wangu! Niliutunga mwaka ule ndama wa mama alipopotea, mama akamwita porini mpaka sauti ikamkauka. Luhende aliufahamu kwenye mazoezi kabla sijamwondoa. Umo ndani ya kanda yetu, upande wa pili. Kweli, kwenye kanda maneno hayasikiki, kwa sababu nilitaka gitaa lisikike. Lakini ni wangu. Mwizi mkubwa! Na viazi vyake.

Ijumaa, 9 Julai

Nimepata! Moshi!

Kwa kinyozi kuna gazeti la zamani lenye picha ya bendi ya roki ya huko nje. Wamesimama katikati ya moshi, hata miguu haionekani. Nani atatazama gitaa kavu penye moshi? Mashine ya moshi hatuna, lakini yuko mama anayekausha sangara kwenye pipa, nikaliazima. Kuni mbichi ndizo zenye moshi mzuri, tatizo hazishiki moto. Ngosha, mpiga ngoma wetu, kashauri tuzimwagie petroli kidogo. Ngosha ana siku zake za akili.

Tumejaribu nyuma ya baa. Moshi mweupe, mzito, wa kupendeza! Ila pipa halikuwa limeoshwa. Majirani wamejitokeza na sahani, na mmoja kaja na ugali kabisa. Kuwaeleza kwamba huu ni moshi wa sanaa kumenimalizia mchana wote. Yule wa ugali ameondoka na kinyongo.

Jumamosi, 10 Julai

Magu. Nitaandika yote.

Uwanja ulijaa. Wenye ng'ombe, wakulima, akina mama wa gulio. Mama Dorotea katikati kwenye kiti, kitenge kipya, uso wa hakimu. Mimi niliwahi kuchagua upande wenye kivuli. Luhende akabaki juani, akasema asante. Anasema asante kwa kila kitu, ndiyo tabia yake mbaya.

Tulianza pamoja. Mungu wangu! Spika zilitikisa mabati ya maduka. Watu wote walikimbilia kwetu. Wote! Luhende alibaki na mbuzi. Okech aliunguruma, Ngosha aliponda ngoma, mimi nikapiga gitaa nimepiga magoti. Raha ile sijawahi kuionja maishani. Tulikuwa tumeshashinda. Ndipo nikaona huu ndio wakati wa moshi.

Kuni ziligoma. Nikamwaga petroli. Zikawaka kidogo, zikazima. Nikamwaga tena, yote. Moshi ukaja! Na upepo wa ziwa nao ukaja. Moshi haukupanda kama kwenye picha. Ulilala chini ukawafuata watu wangu. Wakakohoa, wakafikicha macho, wakarudi nyuma, na huko nyuma ndiko kwa Luhende. Nikapandisha sauti ya gitaa ili niwarudishe. Kidogo hivi, kimya. Jenereta limezima. Ngosha aliuliza liko wapi dumu la petroli. Nilikuwa nimelishika mkononi, tupu.

Upande wa pili Luhende akaanza “Ndama”. Polepole, gitaa kavu, kila neno linasikika. Bibi mmoja akaitikia ule mwito wa kumwita ndama. Akina mama wakamfuata, kisha uwanja mzima. Watu wa Magu wanajua maana ya kupotelewa na mfugo. Nikamwona mama yangu kabisa, na kanga yake, anaita vichakani. Machozi yakanitoka. Nilimwambia Ngosha ni moshi.

Halafu Okech, bila kipaza sauti, akaitikia kutoka kwetu. Sauti ile ya mwaloni! Uwanja ukageuka. Luhende anaimba, Okech anajibu, huku anatembea kumfuata. Nikamwita. Hakusikia, au alisikia. Ngosha naye akabeba ngoma moja begani akaondoka. Upande wangu nikabaki mimi na pipa.

Jumapili, 11 Julai

Baada ya misa Mama Dorotea katoa uamuzi mbele ya watu baani. Vyombo na jina ni vya Luhende na Okech kwa pamoja. Watapiga za taratibu na nzito usiku mmoja. Vijana wa gereji wameshangilia. Wazee wameshangilia. Mara ya kwanza wanakubaliana tangu kanda itoke, na wamekubaliana bila mimi. Imeniuma.

Halafu Luhende kasimama. Kawatangazia wote kwamba “Ndama” ni utunzi wa Mhoja, neno kwa neno, na kwamba bila Mhoja hakuna Radi Bendi. Kaomba nibaki nipige gitaa la pili. Mama Dorotea kaniita ng'wanawane, mwanangu, akasema nafasi ipo, nikubali tu. Okech kanisogezea kiti. Nilikuwa nakubali! Mdomo ulishafunguka. Ndipo Mama akaongeza kwamba kwenye “Ndama” nitapunguza sauti kidogo.

Nimekataa mbele ya watu wote. Nimetoka na jaketi langu. Nyuma yangu wakaanza mazoezi, na yanasikika mpaka chumbani kwangu. Ni mazuri. Nimeziba dirisha kwa gazeti.

Jumatano, 14 Julai

Nimekaa siku hizi nikitafakari bila hasira na bila upendeleo. Uwanja mzima ulilia kwa wimbo wangu. Luhende mwenyewe amekiri ni wangu. Kwa hiyo utunzi hauna kasoro. Basi tulishindwa kwa sababu gani? Ni wazi kabisa, nashangaa sikuona mapema. Sauti ilikuwa ndogo.

Nimekwenda stendi ya Nyegezi kutafuta sauti, na nimeipata. Anaitwa Luhaga, anaita abiria wa mabasi ya mbali. Akiita Shinyanga, mtu wa Tabora anapanda. Hajawahi kuimba hata kanisani, na hiyo ni faida, hana mazoea mabaya. Nimemwimbia “Ndama” kidogo pale pale kwenye mabasi. Kasema hajaelewa maneno. Nimemwambia hayana umuhimu.

Kakubali! Tunaanza wiki ijayo. Kauliza bendi ina watu gani wengine. Nimemwambia tumewapunguza kwa makusudi. Kauliza vyombo viko wapi. Nimemwambia viko kwa fundi.