Simba wa Kifuani

Jumatatu, 4 Agosti 1952
Nimeamua kuchanja chale. Si zile za mganga. Chale za wino, picha nzima, kama za askari waliorudi kutoka vita vya Burma. Sababu ni Herman, dereva wa lori. Ana tembo mkononi. Akikaza msuli, tembo anainua mkonga. Leo amemfanyia hivyo mara tatu Apolonia, anayehudumu kwenye hoteli ya shangazi yake, Mama Coletha. Mara zote tatu Apolonia kacheka. Mimi nilikuwa meza ya pili na chai yangu. Karani wa stoo kama mimi hana cha kukaza.

Jumanne, 5 Agosti
Nimekwenda kwa Masele, fundi viatu, ndiye aliyemchora Herman. Nikasema nataka simba, bega hadi bega. Akanipima kifua kwa kamba ya kiatu. Akasema kinatosha nusu simba. Miguu ya nyuma itapita chini ya kwapa, mkia utokee mgongoni. Paka angeenea mzima. Nikakataa paka. Akatoa sindano: tatu, zimefungwa pamoja kwenye kijiti. Nikakumbuka nina kazi ofisini.

Jumatano, 6 Agosti
Nimemuuliza katekista Onesmo kama chale ni dhambi. Nikasema ni rafiki yangu anayetaka kujua. Akasema mwili ni hekalu. Nikasema kanisa letu kule Ushirombo lina picha kila ukuta. Akanitazama sana, halafu akaniagiza nimwambie huyo rafiki aoe. Kana kwamba huyo rafiki anahangaikia jambo jingine!

Ijumaa, 8 Agosti
Nimepata njia. Kwanza nijaribu bila sindano. Nimechukua wino wa stoo, ule wa kuandikia magunia, na Masele akanichora kwa brashi. Hakuna maumivu, mtekenyo tu. Tatizo ni kwamba Masele ni mtoto wa wafugaji, simba hajapata kumwona. Huyu wangu ana nundu. Masele anasema kwa mbali anatisha. Jumapili nitafungua vifungo viwili hotelini.

Jumamosi, 9 Agosti
Nilisahau geti. Hapa Mwadui hatutoki kazini bila kuvua shati na kukaguliwa, wasije watu wakatoka na almasi. Askari akanikodolea macho, akaita wenzake. Mmoja akauliza ng'ombe huyu katoka zizi la nani. Hadi jioni kambi nzima ilikuwa na habari. Herman kanisalimu kwa kulia kama ndama. Nimejisugua kwa sabuni mara nne. Wino wa magunia ni imara, hilo nalithibitisha kama karani.

Jumapili, 10 Agosti
Mama Coletha kaniita uani kwake, kanikalisha kigodani, kamkabidhi Apolonia kitambaa na mafuta ya taa. Mwenyewe akakaa pembeni akimenya viazi, macho kwetu.
"Mbona ng'ombe wako ana kucha?" Apolonia akauliza.
Nikasema ni simba. Hakucheka. Akataka kujua sababu. Nikamwambia ukweli: tembo wa Herman.
"Yule tembo nimemchoka," akasema. "Nacheka kwa sababu Herman hali mpaka nicheke, na chakula kinapoa. Wewe unakunywa chai yako, kikombe unakirudisha jikoni mwenyewe. Nani mwingine anayekirudisha? Usijichore, Karani. Ulivyo unatosha."
Saa nzima alinisugua. Ngozi inawaka mpaka sasa. Nilipoaga, Mama Coletha akasema Jumapili ijayo nije kula, na nije na mjomba wangu. Mtu haambiwi alete mjomba kwa ajili ya viazi.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimelipima jambo hili asubuhi nzima, magunia hayakuhesabiwa. Miezi tisa nimerudisha vikombe, hata kwa kidole hakunigusa. Siku mbili tu na simba, kanisugua saa nzima. Basi mchoro unafanya kazi. Kosa lilikuwa wino. Wa magunia unatoka kwa mafuta ya taa. Wa sindano za Masele hautoki kamwe. Saa kumi nakwenda kwake. Mamba, mgongo mzima. Apolonia atanisugua mpaka tuzeeke.